Sarafina alipofika Kutus

Wengi wa rika langu wanaikumbuka filamu ya Afrika Kusini, Sarafina!, kwa nyimbo zake. Mimi naikumbuka kwa ugomvi.

Ilikuwa muhula wa pili wa 1994. Mandela alikuwa ameapishwa Mei, na redio zote zilikuwa zikimtaja. Shule yetu ya wasichana ilikuwa nje kidogo ya Kutus nchini Kenya, kwenye barabara ya Kerugoya. Jumamosi moja usiku, runinga ya walimu ikapandishwa juu ya meza mbili bwaloni. Kidato cha kwanza wakaketi sakafuni, sisi wa kidato cha tatu tukasimama juu ya viti. Mkanda ulikuwa umechakaa, picha ikawa inacheza, na msichana mmoja akapewa kazi ya kuipiga kofi mashine kila ilipokwama.

Leleti Khumalo, aliyeigiza Sarafina mwenyewe, alitupendeza mara moja. Wale watoto wa Soweto walikuwa sisi kabisa: wanataniana darasani, wanampenda mwalimu mmoja kuliko wote. Whoopi Goldberg, aliyeigiza mwalimu huyo, alipokamatwa, bwalo zima lilinyamaza. Halafu wanafunzi wakamchoma moto Sabela, polisi mweusi mwenzao.

Taa za bweni zilipozimwa, mabishano yakaanza. Rafiki yangu wa Kimbimbi alisema msaliti yule alistahili. Nikasema mtu hachomwi akiwa hai, awe nani. Tulipandishiana sauti hadi kiranja akatutisha. Rafiki yetu wa tatu, wa Mwea, alikuwa kimya muda wote, kisha akasema: "Baba yangu alifungwa Wamumu."

Wamumu tulikujua kama shule ya kurekebisha watoto watundu. Wazazi walitutishia nayo. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba ilifunguliwa 1955 kwa ajili ya vijana waliokamatwa wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya Waingereza, wala kwamba Geoffrey Griffin, mwanzilishi wa shule ya Starehe tuliyeimbiwa sifa zake, alifanya kazi pale. Hata mifereji inayonywesha mpunga wa Mwea, ile tuliyoivuka kila likizo, ilianza kuchimbwa na wafungwa wa miaka hiyo.

Baba yake alikuwa kijana wa umri wetu. Aliyemwonyesha kwa kidole alikuwa jirani, ngati, yaani mlinzi wa kijiji wa upande wa wakoloni, na baba yake alikuwa angali akisali na jirani huyo kanisa moja.

"Baba humwambia nini?" nikauliza.

"Humwazima pampu ya kunyunyizia nyanya dawa."

Yule wa Kimbimbi aliguna, akageukia ukutani. Tulinuniana hadi mitihani. Lakini sidhani tungekuwa marafiki mpaka leo kama tungeonyeshwa filamu ya mapenzi na dansi tu. Nimeona nyingi za vijana tangu wakati huo, na chache zinathubutu kuwaacha watoto wapendwao watende jambo baya hivyo, kisha zikatuachia sisi tubishane.

Juni 2013, Uingereza ilipokubali kuwalipa fidia wahanga 5,228 wa mateso ya miaka ile, yule wa Kimbimbi alinipigia simu. Baba wa mwenzetu alikuwa ameshafariki. Tukarudi kwa Sabela kana kwamba taa za bweni zimezimwa dakika ile. Nikamwambia mzee yule alikufa bila kumdai jirani yake chochote. Akanijibu kwamba kutodai si kusamehe, na kwamba kama nabisha, twende Mwea tukamuulize mama.