Barua kutoka Lowell: Kikao cha Wanaobeba Mizigo ya Wenzao

Dada mpendwa,

Umeniuliza ni kikao gani hiki ninachokwenda kila Alhamisi nikitoka zamu. Ni cha watu ambao maisha yao yamemezwa na ya mtu mwingine: mke wa mlevi, mama wa mraibu, mtu asiyepata usingizi mpaka ajue mwenzake yuko wapi na amelala katika hali gani. Al-Anon, jumuiya ya vikao vya aina hii kwa jamaa za walevi, ilianza huku Marekani mwaka 1951. Aliyeianzisha pamoja na mwenzake ni Lois Wilson, mke wa mmoja wa waasisi wa AA, chama cha walevi wanaotaka kuacha pombe. Mwaka 1986, mjini Phoenix, ikazaliwa CoDA, jumuiya nyingine ya vikao kama hivi, inayowapokea hata wale ambao nyumbani kwao hakuna pombe.

Yaliyosemwa siwezi kukuandikia, maana ya pale hubaki pale. Utaratibu naweza. Viti hupangwa duara katika chumba cha kanisa, chai iko pembeni. Unataja jina lako la kwanza tu. Ukizungumza, hakuna wa kukukatiza, wala wa kukuambia uvumilie ndiyo ndoa. Ukimaliza wanakushukuru, anashika mwingine. Mimi niliyelelewa kwetu, ambako kila shangazi ana ushauri, ukimya ule ulinishtua, kisha ukanipumzisha.

Ndipo ninapowafikiria kina mama wa Runyenjes na Nkubu. Bonasi ya chai inaingia, na kabla haijanunua hata mfuko mmoja wa mbolea imeshalipa deni la kijana baa, faini yake kortini na muguka aliokopa. Mei 2014, pombe yenye methanoli ilipoua watu Embu na kaunti nyingine, tuliwazungumzia sana wanywaji na wauzaji. Waliokuwa wakiwalipia madeni, wakiwadanganyia waajiri na kuwafichia aibu, nani aliwajulia hali?

Chama mnacho, lakini humo kila mtu anamjua mume wa mwenzake. Huku pia wapo Wakenya wanaoendesha gari hadi mji mwingine kwa sababu hiyo hiyo. Basi ninyi wa Embu pandeni matatu, mvuke Mto Thuci, mkaketi kikao kama hiki na wenzenu wa Meru wasiowajua. Anayepigwa nyumbani asingoje kikao. Apige simu ya msaada, 1195, leo.

Nauli na sukari ya mara ya kwanza nitatuma kwa M-Pesa. Niambie tu mko wangapi.

Dada yako