Jua Lilipozama Mji Mkongwe

Mwaka huu wazazi wangu wametimiza miaka 40 ya ndoa, alhamdulillah. Katika ukoo wetu hatuna desturi ya kuiadhimisha siku kama hiyo, wala sikukusudia kuianzisha. Nilitaka tu kulipa deni dogo. Kabla ya kuhamia Dar es Salaam, Baba alikuwa mwashi katika Mji Mkongwe wa Unguja, na tulipokuwa wadogo alitusimulia mara nyingi jinsi mji ule unavyoonekana kutoka juu: bahari upande mmoja, minara upande wa pili, na mapaa yaliyosongamana hata mtu akadhani anaweza kuuvuka mji mzima bila kushuka njiani. Mama hakuwahi kuyaona hayo. Kwa miaka 40 ameyasikia tu.

Basi nikaweka nafasi ya watu watano katika mkahawa mmoja wa juu ya paa, miongoni mwa ile inayosifiwa na wageni. Kwa simu niliuliza mambo mawili: kama nyama yao ni ya halali, na kama meza yetu inaweza kuwekwa mbali na vileo. Nikajibiwa vizuri kwa yote mawili. Kisha sauti ile ikaongeza, "Fikeni saa 12 kamili jioni, msije mkalikosa jua likizama." Nikashukuru na kukata simu nikiwa nimeridhika kabisa. Ndugu msomaji, mimi ndiye ninayechapa ratiba ya swala na kuibandika kwenye ubao wa msikiti wetu kila mwanzo wa mwezi.

Tulivuka kwa boti ya asubuhi, safari ya takriban saa mbili, tukashukia bandarini Malindi. Baba hakutaka gari. Alitutembeza kwenye vichochoro kwa mwendo ambao goti lake haliuruhusu kule nyumbani, akigonga kuta kwa kifundo cha kidole kama daktari anayepima kifua cha mgonjwa. Alitueleza kwamba vyumba vya nyumba zile ni vyembamba kwa sababu upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Mapaa ya zamani yalikuwa bapa, chokaa iliyochanganywa na kokoto na kupigiliwa kwa vibao siku baada ya siku, huku watu wakiimba ili mikono isichoke. Mvua zilipoyashinda, nyingi zikafunikwa mabati, na ndiyo maana leo ukitazama kutoka juu unaona kutu zaidi ya weupe.

Alisimama mahali ambapo ukuta ulikuwa umepigwa plasta ya saruji. "Hawa wanaua nyumba," akasema. "Chokaa inapumua. Saruji haipumui. Maji yakishaingia hayana pa kutokea, jiwe linaoza ndani kwa ndani." Mama alimwambia asiendelee kugonga nyumba za watu, kwani wenyewe wangetoka.

Ngazi za mkahawa zilikuwa za mbao, kali, na nyingi. Mhudumu, kijana wa miaka ishirini na kitu, alimwamkia Baba kwa shikamoo na kutaka kumshika mkono. Baba akamwambia kwamba nyumba ya tatu kutoka pale aliipanda kwa miezi minane na karai la chokaa kichwani, kwa hiyo mkono ampe bibi.

Tulipotokea juu, Mama alisimama mlangoni asitoke wala asirudi. Mbele yetu ilikuwa bahari yenye majahazi mawili na kisiwa cha Changuu kwa mbali. Kushoto, Ngome Kongwe iliyojengwa na Waomani baada ya kuwaondoa Wareno. Nyuma, minara ya misikiti na mnara wa kanisa la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Baba alitafuta kitu kimoja tu, Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lililoponea mizinga ya Waingereza mwaka 1896 lakini ambalo sehemu yake ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, pamoja na mnara wa saa. Alilitazama muda mrefu. Hakusema neno, nami sikumuuliza.

Tuliketi kwenye mazulia na mito, viatu tukiwa tumevivua, jambo lililomfurahisha Mama kuliko yote. Meza za jirani zilikuwa na chupa za mvinyo. Sitaficha hilo. Wanachuoni wameeleza kwa kirefu hukumu ya kuketi penye kinywaji hicho, na mimi si mtoa fatwa. Nasema tu kwamba moyo wangu haukutulia, na ulistahili kutotulia. Chakula kilianza kuja katika visahani: kipande cha pweza wa nazi, kamba wawili, kachori moja kwa kila mtu. Mama alikula, akafuta mikono, akaninong'oneza, "Hiki ni cha kuonja. Chenyewe kinaletwa saa ngapi?" Binti yangu, mwenye miaka tisa, alicheka mpaka akapaliwa.

Jua likagusa maji. Wageni wakainuka na simu zao kuelekea ukingoni. Ndipo adhana ikaanza, kwanza msikiti mmoja upande wa bahari, kisha mwingine nyuma yetu, kisha mingine, kila mmoja ukiwa nyuma ya mwenziwe kwa pumzi moja au mbili, hata sauti zikawa kama mawimbi yanayofuatana. Wapo wageni waliogeuza simu zao kuirekodi. Ilikuwa nzuri, wallahi. Nami nikaona aibu ikinipanda kutoka miguuni, kwa maana supu ilikuwa ndiyo kwanza inawekwa mezani.

Baba alikwisha simama. Akamuuliza yule kijana msikiti uko wapi.

"Hapo chini, Mzee, hatua mia hivi. Ila ngazi ni nyingi."

"Na wewe unasali wapi?"

Kijana alitazama meza zilizomzunguka. "Mimi huwa nasali nikimaliza kazi, Mzee."

"Unamaliza saa ngapi?"

"Saa tano."

Saa tano za usiku. Magharibi huwa imetoka kitambo, na Isha imekwisha ingia. Baba hakumkemea. Alimwekea mkono begani, kisha akaanza kushuka, nami nikamfuata.

Msikiti ule ulikuwa mdogo, hauna hata mnara, na tuliiwahi rakaa ya pili. Wakati wa kurudi Baba alipumzika mara tatu kwenye ngazi. Huku juu, mke wangu alinisimulia, kijana yule alikuwa amewapeleka Mama na yeye nyuma ya jiko, akawatandikia kitambaa cha meza kilichofuliwa na kupigwa pasi. Kibla chetu huku kiko kaskazini, kwa hiyo wekundu wote wa machweo ulikuwa begani kwa Mama upande wa kushoto. Hivyo Mama aliyaona machweo, na bila kuyafuata.

Supu ilikuwa imepoa. Baba hakuigusa. Alimwita msimamizi, na kwa adabu akamwambia kwamba meza yetu haina haraka, ampe kijana wetu dakika kumi, kitambaa bado kimetandikwa. Msimamizi alikuwa mtu mpole. Alitabasamu, akasema saa ile ndiyo yenye wageni wengi, ila ataangalia. Nilimwona yule kijana akipita na sinia, akirudi na glasi, akipita tena. Samaki wa kupaka aliletwa, akaliwa. Wekundu ukaisha juu ya bahari. Taa zikawashwa Forodhani. Adhana ya Isha ilipoanza, alikuwa amepiga goti mbele ya meza ya jirani akiokota kijiko.

Nilijaribu kujiambia kwamba hilo ni la msimamizi, au la mwenye hoteli, au la kijana mwenyewe. Lakini ile saa ndiyo bidhaa inayouzwa pale. Huuzwa kwa wote wanaopiga simu, nami nilikuwa mmoja wa wanunuzi, nikiwa na ratiba ya swala ndani ya simu hiyohiyo niliyopigia. Bili ilizidi laki nne. Mama aliuliza ni kiasi gani, nikamwambia si nyingi, nikaongeza dhambi juu ya nyingine.

Wakati wa kuondoka kijana alimpa Mama haluwa iliyofungwa vizuri kwenye karatasi. "Ya kwenye boti, Bibi." Baba alimuuliza kwao ni wapi, akataja kijiji cha Pemba ambako Baba aliwahi kununua chokaa, wakaongea kidogo juu ya matanuri ya huko.

Asubuhi, baada ya Alfajiri, nilizungumza na imamu wa msikiti ule mdogo. Alisema tatizo analijua, na kwamba ipo nyumba moja ya wageni ya jirani ambayo wahudumu wake hushuka wawiliwawili adhana inapolia, wawili wakirudi wawili wengine wanatoka, na wote huwahi kabla ya Isha. Nikamuuliza walifikaje hapo. Akasema mteja mmoja aliandika barua.

Nimeiandika ya kwetu. Baba aliisikiliza mara mbili ndani ya boti, akaniambia niondoe maneno makali na nitaje kwamba pweza alikuwa mzuri. Haina zaidi ya ukurasa mmoja: inaomba zamu za dakika kumi na pembe moja nyuma ya jiko. Nimeambatanisha ratiba ya nyakati za swala za Unguja kwa mwaka mzima. Majibu bado hayajaja.