Kiti Kitupu

Mwanafunzi wangu wa zamani, aliyekuwa akisoma Madison, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, aliniandikia mwaka 2018: "Shikamoo Mwalimu. Huku watu wamempeleka gavana wao mahakamani kwa sababu hataki kuitisha uchaguzi mdogo." Nilicheka kwanza, kisha nikanyamaza. Barua ile ilinitonesha kidonda cha zamani.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Bunge la Wisconsin lina Seneti ya watu 33 na Baraza la watu 99. Mwishoni mwa Desemba 2017 seneta mmoja na mjumbe mmoja wa Baraza walijiuzulu, wakaingia kazini katika serikali ya Gavana Scott Walker. Sheria ya huko ilitaka kiti kinachoachwa wazi kabla ya Jumanne ya pili ya Mei ya mwaka wa uchaguzi kijazwe haraka iwezekanavyo. Gavana akadai kwamba sheria hiyo inahusu viti vinavyoachwa wazi ndani ya mwaka wenyewe wa uchaguzi, na hivi viliachwa mwaka uliotangulia. Basi watu wangoje uchaguzi mkuu wa Novemba 2018, na wawakilishi wapya waanze Januari 2019. Zaidi ya mwaka mzima bila wa kuwasemea!

Sasa nikueleze kidonda changu, msomaji. Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kijijini. Mwezi Machi mwalimu wangu wa Hisabati wa darasa la saba alipandishwa cheo, akachukuliwa kwenda ofisini. Niliandika kuomba mwingine. Nikajibiwa kwamba mwaka umekwisha anza, ningoje mgawo wa Januari. Nami nikangoja. Niliweka barua kwenye jalada, nikawapa watoto mazoezi ya kunakili ubaoni. Siku moja akaja mama mmoja, jembe begani, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, hiyo Januari mwanangu atakuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Januari mwanawe angekuwa amekwisha maliza shule.

Wapiga kura wa Wisconsin hawakungoja. Tarehe 22 Machi 2018, Jaji Josann Reynolds, ambaye Walker mwenyewe ndiye aliyemteua, aliamuru uchaguzi uitishwe. Gavana akaomba muda, akanyimwa. Baada ya siku saba akauitisha. Kura zikapigwa tarehe 12 Juni. Kiti cha Baraza kilibaki kwa Republican, chama cha gavana. Kile cha Seneti, kilichokuwa pia cha chama hicho, kilichukuliwa na Caleb Frostman wa Democratic, aliyemshinda Andre Jacque. Novemba ileile wawili hao wakapambana tena, na safari hii Jacque akashinda.

Najua mtu atasema: gharama na usumbufu wote ule kwa kiti cha nusu mwaka tu? Ndivyo nami nilivyojiambia zamani, kwamba mwaka umebaki mdogo. Lakini mwaka hubaki mdogo kwa yule mwenye kiti chake. Kwa asiye na msemaji, kila mwezi ni mwezi mzima: kodi inalipwa, sheria inamhusu, na shida zake hazina mlango wa kubisha. Uchaguzi mdogo hauitishwi kwa ajili ya atakayekaa kitini. Unaitishwa kwa ajili ya wale wanaosemewa, na hao hawakujiuzulu.

Ningekuwa na moyo wa wale wapiga kura, ningepanda baiskeli kila wiki hadi ofisini, hata wanichoke. Sikufanya hivyo. Matokeo ya mtihani yalipotoka, mtoto wa mama yule hakuchaguliwa, wala wenzake wengi. Mama hakunilaumu. Alinisalimia kama kawaida, nami nikaitikia nikitazama chini.