Tupa Uchawi

Wenyeji wa Sumbawanga huwaambia wageni kwamba jina la mji wetu maana yake ni "tupa uchawi". Ukipanda huku Ufipa, uchawi wako uuache ulikotoka. Chuoni nimeisimulia maana hiyo mara nyingi, watu wakacheka, nami nikacheka nao. Sikuwahi kuwasimulia kwamba kuna siku kikao cha kazi kilikaa kumtafuta mchawi, na mchawi aliyepatikana akawa mama yangu.

Mama alikuwa mhudumu wa masijala katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Kazi yake ilikuwa kutoa mafaili ya wagonjwa asubuhi na kuyarudisha jioni. Nilikuwa darasa la sita faili moja lilipopotea. Lilikuwa la mwanamke aliyetoka kijijini, aliyeuza mahindi ili apate nauli ya kuja kufanyiwa upasuaji. Bila faili hapakuwa na majibu ya vipimo, na bila majibu hakuna aliyekubali kumpasua. Akarudi kwao. Kikao kikaitwa, Mama akaandika barua ya kujieleza, na wiki mbili baadaye akahamishiwa chumba cha kufulia mashuka. Alibaki huko mpaka alipostaafu.

Siku alipoleta habari hizo nyumbani nilimwuliza swali moja: "Kwa nini hukuwa makini, Mama?" Hakujibu. Aliinuka akaenda kuchochea mkaa. Swali hilo nimeishi nalo miaka yote hii.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa ubora. Katika muhula wa kwanza mhadhiri alichora ubaoni mstari mrefu wenye kichwa upande wa kulia, na mistari mingine ikiuingia kwa mshazari kama mifupa ya samaki. Kichwani aliandika tatizo. Kwenye mifupa akaandika makundi ya sababu: watu, vifaa, malighafi, mbinu, vipimo, mazingira. Mchoro huo, alisema, ni wa Kaoru Ishikawa.

Ishikawa alizaliwa Tokyo mwaka 1915. Alihitimu kemia tumizi katika Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1939, akafanya kazi jeshini na kiwandani, na mwaka 1947 akarudi chuoni kufundisha. Mwaka 1978 akawa rais wa Taasisi ya Teknolojia ya Musashi. Ukiupitia wasifu huo harakaharaka utaona mkubwa wa chuo kama wakubwa wengine. Lakini sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilikuwa kusisitiza kwamba ubora si mali ya mkaguzi anayesimama mwisho wa mstari akitafuta makosa. Ni kazi ya kila mtu, kuanzia meneja mkuu hadi anayefagia. Alikuwa miongoni mwa waliovianzisha, kuanzia mwaka 1962, vikundi vidogo vya wafanyakazi wa viwandani Japani waliokaa pamoja kuchunguza matatizo ya kazi yao wenyewe. Zana alizowapa zilikuwa rahisi kwa makusudi, ili mtu asiyekuwa na shahada aweze kuzitumia.

Mawazo ya ukoo huo yalishafika karibu na kwetu. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kujaribu mpango wa 5S na kaizen kwa msaada wa Japani, kwa mfano uliotoka katika hospitali ya wanawake ya Castle Street jijini Colombo, Sri Lanka. S tano za Kijapani zikapata Kiswahili chake: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Niliposoma hayo maktabani sikuweza kuendelea. Nilikuwa nawaza masijala moja na faili moja.

Likizo ya Julai nilipanda basi kupitia Tunduma na Laela, nikafika nyumbani usiku, baridi ya Ufipa ikiwa imekaza. Kesho yake tulikula ugali wa ulezi na migebuka iliyotoka Kasanga. Baada ya kula nikatoa daftari, nikachora samaki. Kichwani niliandika: "Faili lilipotea." Kisha nikamwomba Mama anisimulie siku ile, mwanzo hadi mwisho.

Alisimulia kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Mafaili yalipangwa kwa majina, si kwa namba, na huku kwetu akina Maria ni wengi. Paa lilivuja, hivyo masika rafu mbili zilihamishiwa korido. Madaktari walichukua mafaili wakaenda nayo ofisini bila kusaini. Daftari la kusaini lilikuwa limejaa tangu mwezi uliotangulia, na jipya lilikuwa limeombwa lakini halijaja. Zamu ya usiku hakukuwa na mtu. Ufunguo uliachwa kwa mlinzi.

Nilijaza mfupa baada ya mfupa. Kadiri mifupa ilivyoongezeka ndivyo nilivyopata hasira. Nikaweka kalamu nikasema, "Unaona, Mama? Hukuwa wewe. Alikuwa yule daktari. Na yule mkubwa aliyekaa na ombi la daftari."

Mama alilivuta daftari, akalitazama kwa muda.

"Mwanangu, hiyo elimu imekufundisha kumtafuta mchawi mwingine?"

Nikanyamaza.

"Na mimi mbona umenitoa? Siku ile foleni ilikuwa ndefu. Daktari alichukua faili mbele ya macho yangu, nikasema nitaandika baadaye kwenye karatasi. Sikuandika. Niweke."

Nilisita. Nilikuwa nimesafiri kutoka chuoni kuja kumsafisha, na yeye alikuwa anadai nafasi yake kwenye samaki. Aliponiona siandiki, akachukua kalamu mwenyewe, akaandika kwa mwandiko wake wa masijala, ulionyooka: "Hakuandika." Akaweka chini ya mfupa wa watu. Kisha akaandika pembeni: "Foleni ndefu, mhudumu mmoja."

"Barua yangu ya kujieleza ilikuwa na mstari huo huo," akasema. "Waliusoma huo mmoja tu."

Hapo ndipo nilipomwomba radhi kwa lile swali la darasa la sita. Alisema halikumbuki. Sidhani kama ni kweli.

Nilidhani tumemaliza. Lakini Mama alirudi kwenye kichwa cha samaki akakigonga kwa kidole.

"Hapa umekosea. Faili kupotea si tatizo. Faili ni karatasi. Tatizo ni kwamba yule mama aliuza mahindi yake, akaja, akarudi hajapasuliwa."

Ishikawa alifundisha kwamba anayepokea kazi yako ndiye mteja wako, na kwamba ubora hupimwa kwake yeye. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Nikafuta kichwa, nikaandika upya kama alivyosema.

"Alipona?" nikauliza.

"Sijui. Nilihamishwa," Mama akasema. "Kule kwenye mashuka huwezi kujua."

Akaanza kukusanya sahani. Samaki wetu bado yumo kwenye daftari lile, mwandiko wangu upande mmoja na wa Mama upande mwingine.