Kisiwa ambako maji yakimwagika huzoleka

Tangu nikiwa msichana wa shule napenda kusoma ramani, na kuna kisiwa kimoja cha Japani ambacho hakinitoki akilini. Kinaitwa Miyako, nacho kiko kama kilomita 300 kusini-magharibi mwa kisiwa kikuu cha Okinawa. Huko hakuna theluji. Miwa hustawi, na mvua ya mwaka hufikia karibu milimita 2,000, takriban mara mbili ya ile ya Nairobi. Ajabu ni kwamba kwa karne nyingi wenyeji walihangaishwa na kiu!

Sababu iko chini ya miguu yao. Miyako ni tambarare ya mawe ya matumbawe, haina milima wala mto wa maana. Mvua ikinyesha, mawe hayo yenye vitundu hufyonza maji kama sifongo. Maji hushuka hadi kwenye tabaka gumu lisiloyapitisha, kisha hutiririka baharini. Zamani wanawake na watoto waliteremka mapangoni kuyateka. Tufani za kiangazi huvunja miti na mimea, lakini pia huleta mvua. Zisipokuja, ukame hubisha hodi. Mwaka wa 1971 ukame mkali uliangamiza miwa.

Basi wahandisi wakajenga bwawa chini ya ardhi. Baada ya jaribio la Minafuku, lililokamilika 1979, bwawa la Sunagawa lilikamilika 1993. Ukuta uliozikwa huzuia maji yasikimbilie baharini, nayo huvutwa kwa pampu kunyunyizia mashamba. Juu yake watu wanalima kama kawaida.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Miyako huzoleka, lakini huzoleka pamoja na uchafu wake. Mbolea iliyozidi shambani ilishuka na mvua hadi kwenye maji yale yale ambayo familia hunywa, na wenyeji ikawabidi kuyalinda.

Nikisoma hayo humkumbuka mamangu, aliyetulea kwa maji ya kisima huko Mombasa, mji ambao pia umekalia mawe ya matumbawe. Alitukataza katakata kumwaga maji machafu uani. "Mtakuja kuyanywa," alikuwa akisema. Mpenzi msomaji, visima vingi vya Mombasa bado vimepakana na vyoo vya shimo. Onyo la mama halijachakaa.