Safari ya Uvira hadi Sange, na Mnyororo Usiotulia

Atokaye Uvira kwenda kaskazini huliacha ziwa Tanganyika mgongoni, akavuka mto Kavimvira, akaingia katika uwanda wa Ruzizi. Kushoto kwake milima ya Mitumba imesimama kama ukuta. Kuume, ng'ambo ya mto, yaonekana milima ya Burundi. Mto Ruzizi watoka ziwa Kivu, lililo juu ya bahari kwa mita 1,460 hivi, nao washuka hata Tanganyika, penye mita 773 hivi. Lakini uwandani nchi ni tambarare, na baisikeli, au kinga kama tusemavyo kwetu, ndiyo mchukuzi wa maskini.

Mwezi wa Agosti 2018 tuliishika njia hiyo pamoja na kijana mmoja, mwanafunzi wetu wa sekondari. Alikuwa na baisikeli ya marehemu baba yake, isiyo na gia za kubadili, na juu yake gunia la ndagala wakavu wa kuuzwa Sange. Faida yake ndiyo ingekuwa karo ya muhula. Mnyororo ulikuwa ukianguka kila mara, na fundi mmoja alikwisha kumwambia anunue mpya. Kijana akatuuliza: «Mwalimu, nikinunua mnyororo, karo nitaitoa wapi?» Tukamjibu kwa ujasiri: «Twende tu, mnyororo uliolegea hukazwa.»

Tulipokwisha kuvuka Kavimvira ukaanguka. Tulilegeza nati za gurudumu la nyuma, tukalivuta nyuma hata mnyororo ukanyoka, tukakaza. Hatukwenda mbali, pedali ikawa nzito, mnyororo ukalia, mguu wa kijana ukagoma kuzunguka. Tukalegeza, ukaanguka tena. Mara tatu tulifanya hivyo juani, na vumbi la magari likitufunika.

Karibu na njia panda ya Kiliba, nchi ya miwa, tulimkuta mzee mmoja chini ya mwembe, akiziba mipira ya baisikeli. Tulimwamkia, tukamweleza shida yetu. Hakushika spana. Aliipindua baisikeli, akazungusha pedali polepole kwa kidole, macho yake yakiutazama mnyororo. Ulipokazika, alitia alama ya makaa kwenye jino la gurudumu kubwa la mbele. Akazungusha tena, na tena. Kila mara mnyororo ulikazika alama ile ilipofika mahali pale pale.

«Mwanangu,» akasema, «kosa la mnyororo lingehamahama, kwa maana mnyororo hauishi mzunguko wake pamoja na pedali. Kosa la gurudumu dogo la nyuma lingeonekana mara mbili na zaidi kwa mzunguko mmoja wa pedali. Hili laja mara moja tu, mahali pamoja. Gurudumu la mbele halikukaa sawa katikati. Utanunua mnyororo bure.»

Hata hivyo alitaka kuupima. Tulitoa rula yetu ya darasani. Toka pini hata pini ni milimita 12.7, nafasi 24 za mnyororo mpya ni milimita 305 kasoro kidogo. Ukifika 308 umechakaa, nao hula meno ya magurudumu. Wetu ulipita 305 kidogo tu.

Mzee alitueleza kwamba katika baisikeli nyingine gurudumu la mbele limefungwa kwa skrubu. Basi huzilegeza kidogo, huligonga taratibu pale mnyororo unapokazika, kisha huzikaza. La kijana lilishikamana na mkono wa pedali, haligongeki. Basi akaizungusha alama mpaka pale penye kukazika, akaliweka gurudumu la nyuma hata mnyororo ukaweza kucheza juu na chini kwa sentimita moja hivi. Akatazama kama gurudumu limesimama katikati ya uma, akakaza nati za pande zote mbili, akazungusha tena. Upande wa pili mnyororo ulining'inia zaidi, lakini haukuanguka.

Ndipo tulipolitambua kosa letu. Sisi tulipimia pale palipolegea, na kwa kuvuta tulipaongezea taabu pale palipokwisha kukazika. Kupimia ni pale penye kukazika zaidi.

Mzee alipokea ujira mdogo, tukamshukuru. Tulifika Sange jua likielekea milimani, na ndagala wakauzwa. Muhula ulipofunguliwa, kijana aliketi mahali pake, karo imelipwa.

Wasomaji wapenzi, baisikeli yenu ikiwasumbua hivyo, msiivute wala msikimbilie dukani. Ipindueni, zungusheni pedali polepole, mtazame. Nasi walimu, tangu siku ile, tumwonapo mtoto amelegea katika somo moja, twatazama kwanza ni wapi amekwisha kukazwa mno.