Karakana Haizinduliwi

Wanafunzi wangu hunitania kwamba mtu aliyezaliwa Malangali, Sumbawanga, hana haki ya kuzungumzia treni za mjini. Mkoa wetu hauna hata mita moja ya reli. Anayetaka kuiona sharti aende Tunduma inakopita TAZARA, au apande kaskazini hadi Mpanda, mwisho wa tawi litokalo Kaliua; na Mpanda yenyewe ilituponyoka mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Katavi. Utani naupokea, hoja siikubali. Kodi ya mkulima wa mahindi wa Ufipa imo katika mabehewa ya Dar es Salaam kama ilivyomo kodi ya mkazi wa Pugu, na watoto wetu wanaokwenda kusoma huko hupanga vyumba pembezoni mwa jiji, ambako nauli huamua nani awahi kipindi cha saa moja.

Oktoba 2012, Dkt. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, treni za abiria wa mjini zilianza. Kampuni ya Reli ilihudumu kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, TAZARA ikashika njia ya Mwakanga, na baadaye ikaongezwa njia ya Pugu. Watu waliiita treni ya Mwakyembe. Lilikuwa jambo jema, wala sina kejeli nalo. Lakini tukumbuke lilivyofanyika: vyombo vya zamani, vilivyoundwa kwa safari ndefu, vilikarabatiwa vikapewa kazi nyingine.

Kazi hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Behewa la safari ndefu lina milango miembamba na ngazi, kwa sababu abiria wa Kigoma ana muda wa kupanda na mizigo yake. Abiria wa mjini hana. Treni ya mjini husimama kila baada ya dakika chache, na kila ikifunga breki chuma hulika. Vipande vya breki huisha, magurudumu hupoteza umbo lake la duara, na gurudumu lililoharibika huanza nalo kuila reli. Tiba yake ni karakana: mashine ya kuchonga magurudumu, shimo la kukagulia chini ya behewa, ghala lenye vipuri, na mafundi wanaofanya kazi usiku ili asubuhi treni iondoke.

Hapo ndipo tunapokosea kama taifa. Karakana ya mabasi yaendayo haraka tuliijenga Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, ilhali mafuriko ya Desemba 2011 yalikwisha kutuonyesha tabia ya bonde lile. Huduma ilianza mwaka 2016. Maji yamekwisha kuingia karakanani zaidi ya mara moja, na mabasi yakaharibika. Nani angekubali kuweka kituo cha kuzindulia mahali kama pale?

Wapo wanaodhani dawa ni kununua vipya tu. Mwaka 2020 Kenya iliagiza treni za dizeli zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, kwa ajili ya Nairobi, na mitumba hiyo ikasemwa sana. Mimi sioni aibu katika mtumba. Treni kuukuu yenye fundi na vipuri hudumu kuliko mpya isiyo navyo, na hata treni za umeme za Dar es Salaam na Dodoma, zilizozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, nazo zitazeeka.

Kwetu Ufipa, wazee waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko kimo cha mtu. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu. Kilipelekwa kwenye kintengwe, tanuru dogo, kikasafishwa, ndipo mhunzi alipokifua kuwa jembe. Mgeni ajapo hupelekwa kuona mabaki ya malungu. Sijasikia aliyeulizia kintengwe.

Mtumishi yeyote wa umma anajua fungu gani hukatwa kwanza bajeti inapobana. Ununuzi wa mabehewa huandikwa chini ya maendeleo, hupigiwa makofi, hupewa utepe. Mafuta ya kulainishia, breki na posho ya fundi wa zamu ya usiku huangukia Matumizi Mengineyo, na neno lenyewe linatosha kueleza heshima yake. Wanaharakati nao, naona, huandama bei ya ununuzi pekee. Mkataba wa vipuri hawauulizi.

Waziri anaposoma makadirio yake Bungeni, ningependa aanze na hesabu tatu: mabehewa mangapi ya mjini yaliamka mazima asubuhi ile, mangapi yamelala yakisubiri kipuri, na mafundi wangapi watastaafu kabla ya bajeti ijayo.